Mtu wa Vibanio

Juzi mdogo wetu wa mwisho alimwambia shangazi, mbele ya watu, kwamba ana vibanio. Shangazi alikuwa ametoka kutuhubiria ubaya wa kudokoa chakula kabla hakijaiva, na mtoto alikuwa amemkuta jikoni dakika hiyo hiyo akichovya mkate kwenye sufuria. Shangazi hakukasirika. Alijipapasa mgongoni, akacheka, akakaa. Mgeni mmoja akauliza ni vibanio gani hivyo, na hapo kila mtu akaja na lake. Huyu akasema neno limetoka kwa kina mama wa kufua. Yule akasema lilisikika redioni. Mimi nilinyamaza, maana ndiyo tabia yangu, lakini neno hilo nilikuwepo likizaliwa, na kwa kweli mkunga nilikuwa mimi.

Neno la siku zote tunalo, mnafiki. Lakini mnafiki ni neno zito. Ukimrushia mtu linamvunja mguu, na baada ya hapo hamli sahani moja tena. Ndumilakuwili nalo ni refu mno. Mpaka ulimalize, anayesemwa ameshatoka mlangoni. Kibanio ni kidogo. Kinabana bila kutoa damu. Ndiyo maana watu wamekipenda.

Mimi nafanya kazi kwenye studio ya picha ya mjomba wangu, chumba cha chini katika jengo la ghorofa moja. Upande wa kulia kuna saluni, upande wa kushoto kuna fundi viatu, na nyuma kuna ua wenye kamba za kuanikia nguo. Ndani tuna pazia la bluu, kiti kisicho na mgongo, taa mbili zenye miavuli, na kioo kirefu ambacho mtu hujitazama kabla ya kupigwa picha. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera, lakini simu haina koti. Sisi tunalo.

Koti letu ni la rangi ya bluu iliyokolea. Mjomba alilinunua kwenye mitumba, na mwenyewe wa kwanza lazima alikuwa mtu wa kupita mlango kwa ubavu, maana upana wake ungetosha kufunika meza. Kifungo cha katikati si ndugu wa wenzake: wenzake ni vyeusi, chenyewe ni cha kahawia, nilikishona mimi. Mtaa mzima umelivaa koti hilo. Ukiingia kwa fundi viatu, ukutani utamwona yeye, mwanawe na mkwewe, picha tatu zimepangwa, nyuso tofauti, kifungo kile kile.

Sasa koti pana hivyo linawakaaje watu wembamba? Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mteja akishalivaa, mimi nasimama nyuma yake. Naikusanya nguo yote iliyozidi, naikunja kufuata uti wa mgongo, kisha naibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, kuanzia mabegani mpaka kiunoni. Kwa mbele koti linamkaa kama ngozi. Kwa nyuma ni kamba ya ua wetu siku ya kufua. Sanaa yenyewe ni kwamba mteja asisikie, maana akisikia anakakamaa na picha inatoka kama ya mtu aliyekamatwa. Mkono wangu ni mwepesi. Mjomba husema ningekuwa na roho mbaya ningekuwa tajiri wa mifuko ya watu.

Picha ikishapigwa navitoa, koti linabwaga, na mteja anacheka. Wengine hujiambia wenyewe: leo mbele mkurugenzi, nyuma dobi. Hakuna anayetoka pale akiamini koti ni lake.

Isipokuwa mmoja.

Huyo ni msimamizi wa jengo. Tulimwita Bwana Nyoofu, kwa sababu neno lake lilikuwa kunyooka. Alikuwa mrefu, mwembamba, ametembea maisha yake yote kama mtu aliyemeza rula, na funguo zake zilimtangulia kulia kabla hajatokea. Asubuhi alisimama ukumbini akihubiri. Alimsema mama wa saluni kwa nywele za bandia. Alimsema fundi viatu kwa kupaka rangi viatu vilivyochoka na kuvipa heshima visiyostahili. Lakini sisi ndio tuliokuwa somo lake kuu. Alisema uso wa mtu uachwe kama ulivyo, na kwamba koti la kuazima ni uongo wenye mikono miwili. Studioni kwetu hakuwahi kukanyaga. Alipita akiwa ameelekeza macho upande wa pili, kama vile pazia letu lingemwambukiza.

Tungeweza kucheka tu, ila maneno yake yalikuwa na safari. Mwenye jengo ni bibi mmoja anayekaa mbali, anakuja mara moja kwa mwaka kukutana na wapangaji na kuamua nani abaki. Miguu na macho yake katika jengo lile ni Bwana Nyoofu. Mwaka huo tulisikia kwamba ameshamwambia bibi studio ni aibu ya jengo na itolewe. Tulisikia pia, kwa mke wa fundi viatu ambaye masikio yake hayalali, kwamba shemeji yake Bwana Nyoofu anatafuta chumba cha kuuzia simu. Hilo la shemeji halikuhubiriwa ukumbini.

Mjomba ni mtu wa maneno machache. Yupo chumba kile tangu mama yangu hajaolewa. Macho yake yameanza kuchoka. Kwenye chumba anachokijua anafanya kazi hata kwa kupapasa, lakini chumba kigeni asingekiweza, na kazi nyingine hajui. Wiki ile nilimkuta akiizungushia kamera ya akiba kitambaa, taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto kwa safari. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema vumbi. Hapakuwa na vumbi.

Siku ya mkutano ikafika. Ungefanyika alasiri pale saluni, kwa sababu ndiko kwenye viti vingi. Tulikuwa tunafunga pazia mlango wa nyuma ukagongwa, ule wa uani, ambao hagongi mtu ila paka na mvua. Nikafungua. Bwana Nyoofu akaingia kwa ubavu, funguo amezishika mkononi zisilie.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Akamweleza mjomba kwamba bibi anataka picha ya kila msimamizi, itundikwe mlangoni mwa kila jengo lake. Ni uso tu, akasema, jambo la dakika moja, tena wala halina haja ya kutangazwa. Huku akisema, macho yake yalikuwa kwenye ndoano ya koti. Aliliangalia kama mtu anavyoangalia chakula cha jirani. Mwishowe akatamka kwamba amesikia wasimamizi wengine wamepigwa wakiwa na makoti, na haitakuwa vizuri jengo letu likaonekana la chini. Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya heshima ya jengo.

Mjomba akaifuata ndoano. Akalitungua koti, akampa.

Nikasimama nyuma yake nikafanya kazi yangu. Kwa wembamba wake vilihitajika vibanio vyote tulivyonavyo, vyekundu, vya njano, vya kijani, na kile kimoja cha mti. Kama hakusikia kitu, sikumfanyia makusudi. Ndio mkono wangu wa kila siku. Yeye muda wote alikuwa anajitazama kwenye kioo kirefu. Alivuta pumzi. Alijigeuza kidogo kulia, kidogo kushoto.

"Limenikaa," akasema. "Angalieni wenyewe. Kama nilipimwa."

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Picha ikapigwa, na kusema haki ilikuwa picha nzuri. Nikamsogelea kwa nyuma, nikaanza kumwambia asubiri kidogo nimtolee. Akainua kidole bila kugeuka. Akasema mtoto wa kike mwenye adabu hamkatizi mtu mzima, na kwamba yeye amefikiri, atakwenda na koti hili hili mkutanoni, atalirudisha baadaye, maana mbele ya bibi lazima mtu aonekane. Nikajaribu tena.

"Mzee, ni mgongoni—"

"Mgongoni ndiko lilikokaa vizuri zaidi," akasema. "Nalisikia."

Akatoka, safari hii kwa mlango wa mbele, kichwa juu. Mimi na mjomba tukabaki tumetazamana. Nikamuuliza kama nimkimbilie. Mjomba akafikiri, akakaa kwenye kile kiti cha wateja.

"Mpwa wangu, umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Umerudia?"

"Nimerudia."

"Basi funga mlango twende," akasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na asiyesikia la mdogo je? Tukaone."

Saluni ilikuwa imejaa. Watu wamekaa kwenye viti vya kusukia, wengine chini ya zile kofia za kukaushia nywele. Bibi mwenye jengo walimpa kiti kizuri kuliko vyote, kile kinachopandishwa kwa kukanyagwa, na mama wa saluni kwa heshima alikuwa amekikanyaga mpaka mwisho, kwa hiyo bibi alikuwa juu yetu sote, miguu yake midogo inaning'inia. Mkoba ameupakata. Sikuwahi kumwona mzee aliyetulia vile.

Bwana Nyoofu alikuwa amesimama kando ya mlango akisalimia wanaoingia, mgongo ukutani, uso ndani. Watu walishaliona koti. Mke wa fundi viatu alikitambua kifungo kwanza, akamgusa mumewe kiwiko. Mnong'ono ukapita kiti kwa kiti, ukafika mwisho, ukarudi. Yeye aliuona mnong'ono akaupokea kama pongezi. Kisha akasonga mbele, akapita katikati yetu haraka, akafika kwenye meza ya machanuo, akageuka kutukabili.

Mtu akisimama hapo, nyuma yake kuna kioo. Ni kioo cha saluni, kimeshika ukuta mzima.

Kwa hiyo tuliwaona wawili. Aliyetuelekea alikuwa waziri. Aliyekuwa kiooni alikuwa kamba ya nguo.

Sijui nani alikuwa wa kwanza kukosa hewa. Fundi viatu aliinama kufunga kamba za kiatu, na alikuwa amevaa ndara. Mama wa saluni alitia chanuo mdomoni akaling'ata. Chini ya kofia moja ya kukaushia kulisikika mlio kama wa birika. Bwana Nyoofu akaanza. Akasema jengo limepoteza mnyooko. Akasema kuna watu wanaishi kwa sura za kuazima, na akanyoosha mkono kuelekea kwa mjomba, na mkono uliponyooka vibanio vya begani kule kiooni vikachanua kama mkia wa tausi. Wanawake wawili walifunika nyuso kwa viganja. Nadhani alidhani wanalia kwa majuto, maana sauti yake ikalainika, akawaonea huruma. Akasema hajachelewa anayetaka kubadilika.

Mjomba hakucheka. Nilimtazama, alikuwa ameshika magoti yake, anamwangalia bibi tu. Maneno yalikuwa ya kuchekesha, lakini chumba kilichokuwa kinazungumzwa kilikuwa chetu, na bibi alikuwa anatikisa kichwa polepole kama anayekubali kila neno.

Basi Bwana Nyoofu, kwa kuona kichwa hicho, akapanda mlima wote.

"Mimi mnavyoniona mbele," akasema, "ndivyo nilivyo nyuma."

Hapo birika la chini ya kofia likachemka. Watu walicheka mpaka chanuo likamtoka mama wa saluni likaanguka. Bwana Nyoofu akatafuta cha kuchekesha ni nini. Akaitazama suruali yake. Akagusa kifungo kimoja, akagusa kingine. Mbele kila kitu kilikuwa mahali pake.

Bibi hakucheka. Alingoja kelele zishuke, akasema kwa upole kabisa, "Baba, hebu geuka."

Akageuka. Na hapa ndipo ninapopakumbuka zaidi ya pengine pote, kwa sababu alipogeuka hakuona kitu. Kioo kikamwonyesha kifua chake. Aliona lile koti zuri, kola iliyonyooka, mtu wa maana. Akarekebisha kola kidogo. Alikuwa anajitazama kwa kuridhika, na sisi nyuma yake tulikuwa na rangi zote za vibanio mbele ya macho yetu, na kati ya tulichoona sisi na alichoona yeye palikuwa na unene wa koti tu.

"Nimegeuka, Bibi," akasema.

Sasa mama wa saluni ana mazoea yake ya kazi. Mteja akishasukwa, huchukua kioo kidogo cha mkono, humwekea kisogoni, ili kwenye kioo kikubwa aone alivyopendezeshwa nyuma. Sijui kama alifikiri au mkono wake ulikwenda wenyewe. Alikichukua, akamsogelea, akakiinua nyuma yake pale pale katikati ya mabega, akauliza kama anavyowauliza wote:

"Nyuma umeipenda?"

Bwana Nyoofu akatazama. Akatazama tena. Masikio yake yakabadilika rangi. Na sisi kicheko kilikatika, maana mtu akijiona mgongo kwa mara ya kwanza si jambo dogo.

Nilisimama nikamwendea. Alikuwa mteja wangu, na kazi yangu ilikuwa haijaisha. Nikamwambia samahani Mzee, ndivyo nilivyotaka kukutolea. Nikavitoa kimoja kimoja, nikivitia kwenye mfuko wa gauni langu, na kila kimoja kilipotoka koti lilishuka kidogo, mpaka mikono yake ikazama ndani ya mikono ya koti na yeye akabaki katikati kama ufagio ndani ya gunia. Nilipomaliza aliniambia asante. Kwa sauti ya chini, lakini aliniambia.

Bibi akamwita mjomba. Akamuuliza, bila ukali, kama ni kweli anadanganya watu kwa koti hilo.

"Bibi, anayelivaa anajua," mjomba akasema. "Mama yake anajua. Anayegonga muhuri juu ya picha anajua, naye alipigwa hapa hapa. Sijamficha mtu."

Bibi akakubali kwa kichwa, kile kile alichokuwa anatikisa mwanzo, na nikaelewa kwamba kumbe hakuwa anakubali. Ni shingo ya uzee tu. Akamgeukia msimamizi wake, akamuuliza swali moja: yule shemeji anayetaka chumba anauza nini? Bwana Nyoofu akajibu kwa unyonge kwamba ni simu. Kumbe masikio yasiyolala hayakuwa ya mke wa fundi viatu peke yake.

"Koti halina kosa," bibi akasema. "Koti halijamhubiria mtu. Studio ibaki ilipo. Na wewe baba, picha yako nitaitundika. Nasikia umetoka vizuri." Halafu akaomba ashushwe kwenye kile kiti, kwa sababu miguu imekufa ganzi.

Jioni ile mjomba aliikunjua kamera kutoka kwenye kitambaa, akaipangusa kwa kitambaa hicho hicho, akairudisha rafuni. Akanitengenezea chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Neno lenyewe lilianza kesho yake. Fundi viatu aliamka saa ya jua kali, akamwambia mwanawe kwamba mtu wa maana huamka alfajiri, na mkewe kutoka chumba cha pili akasema, "Vibanio." Neno moja tu. Kufika mwisho wa wiki watoto walikuwa wanakimbizana uani wakiambiana geuka tuone. Kisha likavuka barabara, na ng'ambo ya barabara hawajui koti, hawajui kioo, wanajua tu kwamba kuna mtu anayesema hivi huku amebanwa hivi. Mimi, nikiulizwa maana yake, husema siyo kuvaa koti. Koti sote tunavaa. Ni kulitukana koti ukiwa ndani yake.

Picha ya Bwana Nyoofu ipo mlangoni mwa jengo mpaka leo. Siku ya kuitundika hapakupatikana msumari, wakaja kwangu, nikawapa uzi na kibanio. Kile cha mti. Wageni wanafikiri ni mtindo.

Na yeye bado ni msimamizi wetu. Bibi hakumfukuza, alisema mtu aliyekwishajiona mgongo anafaa zaidi ya ambaye bado. Kwa muda aliacha kuhubiri. Halafu akaanza tena, kidogo kidogo, maana tabia haina dawa. Wiki iliyopita alisimama mlangoni kwetu akilalamika juu ya mpangaji wa juu ambaye kila siku analeta malalamiko ya kelele, na redio yake ndiyo inayotikisa madirisha. "Yule bwana ana vibanio," akasema, bila kupepesa jicho. Mjomba alijificha nyuma ya kamera.

Akaaga, akaondoka, funguo zikalia mpaka ukumbini. Kisha zikanyamaza, zikarudi. Akasimama tena pale mlangoni, safari hii amenipa mgongo. Alikuwa anakwenda kuzungumza na mpangaji huyo.

"Hebu nitazame, mwanangu," akasema. "Sina kitu?"

Nikamtazama kwa makini, kutoka mabegani mpaka kiunoni. Kulikuwa na uzi mweupe tu, begani. Nikautoa.